Bunduki ya Mosonik

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mchezo wa Phelix Opondo uliuawa na vita. Nilikuwa msaidizi wa afisa wa ustawi katika shamba moja la chai upande wa Kericho, kijana mwenye shahada mpya na uhakika mwingi kuliko ilivyofaa, na maelezo hayo yalinitosha: watu waliokuwa wakiketi meza moja waligeuka kuwa makabila, meza ikavunjika. Niliyasema hayo mara kadhaa mbele za watu, tena kwa sauti ya anayejua. Nilikuwa nimekosea. Meza ile ilivunjika kabla moshi wa kwanza haujaonekana upande wa Kipkelion, na iliyoivunja ilikuwa bunduki isiyo na chuma wala mti, iliyotengenezwa kwa maneno matupu Jumapili moja ya mvua. Haya ninayoyasimulia niliyapata kwa Phelix mwenyewe, miaka baadaye, na nimejitahidi kuyaacha yalivyokuwa machoni pake, ingawa sina hakika kama nimeweza.

Phelix alikuwa fundi kiwandani. Kazi yake ilikuwa zile roli za chuma zenye meno madogo ambazo hukata na kusaga majani ya chai yakishanyauka. Meno yakiwa butu, majani hutoka kama yaliyotafunwa na mbuzi, na chai hupoteza rangi. Yeye ndiye aliyeyachonga upya. Alikuja kutoka Nyakach, kwa Wajaluo, akiwa hajaota ndevu, akaoa, akapewa nyumba ya chumba kimoja na jiko katika laini za wafanyakazi, na humo yeye na mkewe Akello wakamlea binti yao Akeyo. Baada ya miaka yote hiyo hapakuwa na kitu juu ya udongo ule ambacho angeweza kukiita chake. Hata sukuma wiki nyuma ya nyumba iliota kwa hisani ya kampuni.

Alichokuwa nacho ni Nchi ya Pili.

Hiyo ilianza na Mzungu mmoja aliyeletwa kufunga mashine ya kukaushia majani. Msimu mzima wa mvua Mzungu yule alikosa la kufanya siku za Jumapili, akawa anakuja kwenye holi ya wafanyakazi na kisanduku chenye kitabu na dadu za pande nyingi, akawafundisha waliotaka. Mchezo wenyewe haukuwa na ubao wala karata. Mmoja husimulia nchi isiyokuwapo. Wengine, kila mmoja, huwa mtu wa nchi hiyo na kusema atafanya nini: atavuka mto, atapigana na zimwi, atamdanganya mlinzi wa lango. Kisha dadu huamua kama amefaulu. Mtu huyo wa kubuni hukua kadiri mchezo unavyoendelea. Aliyeanza akiwa mchunga mbuzi asiyejua kushika upinde, akijaliwa kuishi, baada ya miaka huwa mpiga mishale ambaye vijiji vizima vinamjua kwa jina.

Mzungu alipoondoka alimwachia Phelix kile kisanduku. Mchwa wakakimaliza kitabu, lakini wakati huo Phelix alikuwa ameshaacha kukisoma. Alikuwa akisimulia kwa Kiswahili nchi aliyoitunga mwenyewe: vilima vilevile, ukungu uleule wa asubuhi, mvua ileile inayoshuka kila siku mchana, ila hapakuwa na mchai hata mmoja. Watu wa huko walikuwa na ng'ombe, mtama, na mashamba yasiyokuwa na mwenyewe mwingine.

Kwa kuwa kitabu hakikuwapo tena, sheria ya mchezo ilibaki moja tu. Msimulizi akishakubali jambo kwa kinywa chake, mbele ya wenzake, jambo hilo lipo, wala halirudishwi. Waliliita neno la meza. Phelix aliona kwamba bila sheria hiyo nchi nzima ingekuwa porojo za watu wasio na kazi.

Kufikia mwaka wa tisini na moja wachezaji wengi walikuwa wamehama, wameokoka au wamechoka. Walibaki wawili. Weldon Kipchirchir, Mkipsigis, alikuwa mtu wa boila. Alilisha tanuri kuni za mkaratusi zamu baada ya zamu, na kila mwisho wa mwezi alikwenda kwao, karibu na Kedowa, kwa baba yake mwenye mahindi na ng'ombe. Katika Nchi ya Pili alikuwa Mosonik, mpiga mishale. Jerusa Nyambeki, mwalimu wa watoto wadogo pale shambani, mwanamke wa Kisii aliyecheka kwa mwili mzima, alikuwa Nyaboke, mwimbaji ambaye wimbo wake ungeweza kusimamisha mto au kumlaza askari wa zamu, mradi tu aachwe avute pumzi tatu bila kukatizwa.

"Pumzi tatu ni nyingi," Jerusa alipenda kusema. "Wale watoto wangu wiki nzima hawanipi hata moja."

Adui wao mkubwa alikuwa Chemosit, zimwi la mguu mmoja ambalo watoto wa Kipsigis hutishwa nalo wakikataa kulala. Phelix alilipata kwa Weldon, akaliweka juu ya mlima wa Nchi ya Pili, na kwa miaka sita hawakuweza kulifikia. Kila walipojaribu walirudi wamepungukiwa na kitu: Mosonik alipoteza jicho, Nyaboke alipoteza mdogo wake. Hofu hiyo, Phelix aliniambia, ndiyo iliyowarudisha mezani kila wiki kuliko kitu kingine chochote. Na kwake yeye meza ile ilikuwa kila kitu. Hapo ndipo mtu wa Kedowa, mtu wa Kisii na mtu wa Nyakach walikuwa na jambo moja la kuogopa, nalo halikuwa yeyote kati yao.

Jumapili ya ile bunduki mvua ilikuwa ikipiga mabati ya holi mpaka iliwabidi wasogeze viti. Weldon hakuwa amegusa dadu.

"Fundi," alisema, "hii Nchi ya Pili iko na makaa?"

"Iko. Si wahunzi wanachoma kila siku?"

"Na zile chemchemi za maji moto tulipitia, ulisema kando yake kuna unga wa njano unanuka kama yai mbovu."

"Nilisema."

"Na udongo wa boma za zamani? Ule uko na chumvi nyeupe juu yake, ng'ombe wanalamba?"

Phelix akamtazama. Alikuwa ameshajua anakopelekwa. "Weldon, unataka nini?"

"Mosonik anataka bunduki."

Jerusa akaangua kicheko akapiga meza. "Haki ya Mungu! Mtu wa mishale! Si umwombee na gari pia, fundi ampe na leseni?"

"Mwalimu, ngoja kidogo. Sikuulizi wewe. Fundi, baruti si hiyo? Makaa, huo unga wa njano, na hiyo chumvi. Nini inazuia?"

Angeweza kusema lolote. Angeweza kusema moto wa Nchi ya Pili haulipuki, au mizimu imekataza, na Jerusa angemuunga mkono. Lakini Phelix alikuwa fundi. Kiwandani palikuwa na msimamizi aliyejibu kila jambo gumu kwa neno moja, haiwezekani, na Phelix alimdharau mtu huyo kuliko alivyomdharau mlevi. Hakupata kusema kwamba mashine haitafanya kazi ilhali akilini anaiona ikifanya kazi. Akaanza kufikiri kwa sauti: mhunzi atapiga bamba la chuma jembamba, atalizungusha kwenye nondo, ataliunganisha kwa moto, hivi, nyuma ataziba hivi, utambi utakaa hapa. Mikono yake ikawa inachora hewani. Alieleza kwa muda mrefu, na alifurahi, hilo hakunificha. Kwa mara ya kwanza ufundi wake ulikuwa umeingia katika ile nchi.

"Hakuna kinachozuia," alisema mwishoni. "Iko."

"Ni neno la meza?"

"Ni neno la meza."

Jumapili iliyofuata Mosonik na Nyaboke walipanda mlima wa Chemosit. Mosonik alilaza bunduki juu ya mwamba, mbali sana, mahali ambapo mshale usingefika hata nusu ya njia. Weldon akarusha dadu. Ikaangukia vizuri.

"Linaanguka," Phelix alisema.

"Linaanguka tu?" Jerusa aliuliza.

"Linaanguka."

"Halikupiga hata kelele? Halikutuona?"

"Halikujua kama mko."

Weldon aliitazama dadu kana kwamba imemwibia. Miaka sita ya jicho moja, ya kujificha kwenye nyasi, ya kujifunza upepo, na mwisho wake ukawa mlio mmoja na moshi kidogo. "Sasa tufanye nini?" aliuliza.

Phelix alianza kufikiria jambo hilo akiwa kazini, mbele ya roli, chuma kikilia. Mhunzi aliyemtengenezea Mosonik ana wanafunzi, na wanafunzi wana matumbo. Ana wakwe ng'ambo ya mto. Hatatengeneza moja akaacha. Na kama baruti inatoka kwenye udongo wa boma za zamani, basi kijiji chenye boma la zamani kuliko yote ndicho tajiri, na ndicho kitakachovamiwa kwanza. Ukuta wa mawe wa mfalme, ambao Jerusa alikuwa ameuzunguka mwaka mzima akitafuta mlango, haukuwa tena na maana. Wala kijana aliyelelewa tangu utotoni kushika ngao. Atakayemwangusha atakuwa amejifunza asubuhi hiyohiyo, na kesho ataangushwa na mwingine aliyejifunza leo.

Kila Jumapili akawa anawaletea habari ambazo hakuna aliyeziomba. Kijiji cha daraja la kamba kimeteketea. Wahunzi wa mikuki wameuza nyundo zao. Watu wamefukua boma la kale walikokuwa wakifanyia baraka za watoto, wamebeba udongo wote kwa magunia.

"Fundi, kwani lazima?" Jerusa aliuliza siku moja. "Si uwatungie hata mavuno mazuri kidogo?"

"Situngi, mwalimu."

Na ndivyo alivyoniambia mimi pia. Zamani alikuwa akitunga. Tangu siku ya bunduki alikuwa akikokotoa tu, na hesabu ilikuwa ikienda upande mmoja.

Kisha akakumbuka mvua. Katika Nchi ya Pili mvua hushuka kila siku mchana, na baruti iliyolowa haiwaki. Alikuja mezani siku hiyo akitembea upesi kama mwenye barua ya kupandishwa cheo. Akawaeleza: kuanzia mchana hakuna bunduki inayolia nchi nzima.

Jerusa akapiga makofi. "Mchana ni wetu waimbaji!"

Kwa wiki kadhaa nchi ikapata nafuu. Watu walijificha asubuhi mapangoni, wakatoka mvua ikianza, wakalima kwenye matope, wakaoa na kuzika mvuani. Phelix alisimulia juu ya watoto waliokuwa wakikua bila kujua jua la asubuhi, na Jerusa akasema hata hao ni watoto, wataimba. Nyaboke alipita kijiji hadi kijiji akiwafundisha nyimbo. Ilikuwa nchi ya huzuni, lakini ilikuwa na watu ndani yake.

Aliyekatiza nafuu hiyo ni Weldon tena. Hakuwa na uso wa ushindi. Alizungumza akitazama meza.

"Fundi. Mfuniko wa ngozi. Pale pa kuwashia."

"Ngozi hunyonya maji."

"Ya mbuzi, imepakwa mafuta. Na badala ya utambi, jiwe la kutoa cheche, liwe ndani ya mfuniko."

Phelix alitaka kusema hapana. Aliniambia alilifungulia neno hilo kinywa, likakataa kutoka, maana alikuwa ameshauona ule mfuniko, na alijua bawaba yake ingekaa wapi.

"Itafanya kazi ama haitafanya?" Weldon aliuliza.

"Mbona wewe unataka hivi?" Jerusa alimgeukia. "Si ulipata bunduki yako? Unatafuta nini tena?"

"Si mimi nataka. Nauliza kama itafanya."

"Itafanya," Phelix alisema.

Nyaboke aliuawa wiki hiyo, mchana, mvuani. Alikuwa amesimama ukingoni mwa mto ili ausimamishe, watu wa kijiji kimoja wapate kuvuka. Akavuta pumzi ya kwanza. Akavuta ya pili. Dadu haikuwa hata mkononi mwa Jerusa.

"Nani amenipiga?"

"Kijana fulani. Yuko ng'ambo, kwenye miti."

"Anaitwa nani?"

"Sijampa jina."

"Yaani miaka yote hii, Chemosit ameniacha, mafuriko yameniacha, nimekuja kuuawa na mtu hana hata jina?"

"Nitampa, mwalimu."

"Usimpe." Jerusa alikusanya kikapu chake. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomwumiza Phelix. "Fundi, habari za namna hii mimi napata kwa redio bure. Nilikuwa nakuja hapa kwa sababu hapa hazikuwako."

"Tutakutafutia mtu mwingine. Anaweza kuwa dada yake Nyaboke."

"Na huyo dada atapigwa na nani? Na ndugu ya huyo kijana?" Akawapa mkono wote wawili, kama watu wanavyofanya baada ya mazishi, akatoka. Tangu siku hiyo walipokutana njiani alimsalimu Phelix vizuri, akamuuliza habari za Akeyo, na hakutaja tena nchi ile.

Nyumbani Akello aliona. Mume wake alikaa mbele ya sahani ya ugali mpaka ukashika utando.

"Baba Akeyo, chakula kimepoa. Unalilia nchi gani hiyo haina hata kiazi cha kuchemsha?"

"Silii."

"Basi macho yako yanatoka jasho." Akamsogezea maji. "Si wewe ndiye uliitunga? Ifute."

"Haifutiki. Nilisema iko."

"Na kitanda changu je? Ulisema kitakuwako tangu Akeyo hajazaliwa. Kitanda umeweza kukifuta vizuri sana."

Phelix akacheka, mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na usingizini na kazini maneno yale yakamrudia. Kwa nini asifute? Sheria ilikuwa yake. Aliiweka ili nchi ipate uzito, na sasa uzito huo ulikuwa ukiiua nchi. Angevunja neno la meza mara moja tu, mbele ya Weldon, Weldon akubali, kisha waende kwa Jerusa pamoja wamwambie kwamba Nyaboke yuko hai, pumzi ya tatu inamngoja. Alihitaji Weldon akubali, basi. Meza ya watu watatu ingerudi.

Wakati huo maneno yalikuwa yameanza bombani, watu wakiteka maji. Wachumaji wa majani walinong'ona juu ya mambo ya upande wa juu, kule Kipkelion, nani ameonekana wapi, nani amefunga virago. Familia moja ya laini ya chini iliondoka bila kuaga. Weldon alikuwa amekwenda kwao, na aliporudi alikuja moja kwa moja kwenye holi, hata majivu ya boila hayakuwa juu yake, viatu vimejaa udongo mwekundu wa njiani. Waliketi wawili tu. Kiti cha Jerusa walikiacha mahali pake.

"Kabla hatujaanza," Phelix alisema. Alikuwa ameyapanga maneno yake. "Bunduki haikuwako. Mosonik aliota. Ameamka chini ya mti, upinde uko kando yake, na Chemosit yuko mlimani. Nyaboke yuko hai. Yote yale ilikuwa ndoto."

Weldon alisema: "Hiyo si neno la meza."

"Najua."

"Miaka yote unatuambia neno la meza halirudi. Mimi nilitolewa jicho kwa neno la meza."

"Jicho nitakurudishia."

"Sitaki jicho, fundi."

"Basi unataka nini? Nchi imekwisha, Weldon. Imebaki mimi na wewe tunazika watu. Niambie unataka nini nikupe."

Weldon alisogeza kiti karibu na meza. Phelix alikumbuka kwamba mikono yake ilitulia kabisa, mikono ya mtu ambaye siku zote alikuwa akichezea kitu.

"Acha Mosonik. Sema hii moja tu. Kuna kijiji chini ya mlima. Hakina bunduki. Ng'ambo, watu wanasema, wako nazo. Hicho kijiji hakitaki kununua, kinataka kukaa tu na ng'ombe wake. Kitapona namna gani?"

Mwezi ule, katika holi ile, mtu wa Kedowa akimwuliza mtu wa Nyakach swali hilo, Phelix hakusikia mchezo. Alisikia kitisho, tena kimevikwa adabu. Damu ikampanda kichwani. "Unaniuliza mimi?"

"Nauliza msimulizi. Fikiria vizuri, fundi. Chukua wakati wako."

Na alifikiri. Hilo alilirudia mara nyingi aliponisimulia, kama anayeomba nimwamini: pamoja na hasira zake, alifikiri kwa uaminifu, kwa kuwa hakujua namna nyingine ya kufikiri. Alikipitisha kijiji kile kila mahali. Wimbo ni mrefu mno. Ukuta unaanguka. Msituni watu watajificha, ng'ombe hawajifichi. Kuhama, kwenda wapi, wakati kila kilima kina mwenyewe? Kuzungumza na wa ng'ambo, lakini wa ng'ambo nao wanafikiri nini juu ya kijiji hiki, na nani atavuka mto kwanza mikono mitupu? Hapo alisimama kidogo, aliniambia. Hapo palikuwa na kitu kama mlango. Lakini alimtazama Weldon, akaona uso wa mtu anayengoja, akadhani anangoja kumcheka, na akaupita mlango ule bila kuusukuma.

"Hakiponi," alisema.

"Hakuna njia?"

"Hakuna."

"Hata moja?"

"Nimekuambia hakuna."

"Na hiyo ni neno la meza?"

Dakika chache kabla alikuwa amekuja kulivunja neno hilo. "Ni neno la meza," Phelix akajibu, na akaona vizuri alivyoufurahia uchungu wa jibu lake.

Weldon akatikisa kichwa kukubali. Akaziokota dadu, akazirudisha kisandukuni moja moja, akafunga. "Asante, fundi," alisema. Kisha kwa lugha ya kwao: "Saisere."

"Oriti," Phelix alijibu kwa lugha yake. Hawakuwa wameagana hivyo hata siku moja. Siku zote waliagana kwa Kiswahili. Weldon akatoka mvuani bila kujifunika.

Hakurudi boila. Zamu yake ilipewa mtu mwingine, na kabla huyo mwingine hajauzoea ule moto, moshi ulionekana upande wa juu, kisha moshi mwingine. Shamba letu halikuguswa, lakini hilo hatukulijua mpaka baadaye. Phelix aliwapandisha Akello na Akeyo kwenye lori la watu waliokuwa wakikimbia kuelekea ziwani, godoro moja juu yao, na baada ya wiki akawafuata. Kisanduku kilibaki kwenye holi, na sijui nani alikichukua.

Nilipomkuta Nyakach alikuwa akitengeneza mashine za kusagia mahindi. Alikuwa amezeeka kuliko umri wake. Tulikaa nje ya duka la posho, nywele zake nyeupe kwa unga, akanisimulia yote haya bila kupandisha sauti. Juu ya Weldon alikuwa na jambo moja tu la kusema: kwamba alikuja siku ile akijua yanayokuja, akataka kumsikia Mjaluo akitamka kwa kinywa chake mwenyewe kwamba asiye na bunduki hana pa kwenda. "Alinicheza," alisema. "Miezi yote ile alikuwa ananicheza, na mimi nilimtengenezea hadi mfuniko."

Nikamwuliza Nchi ya Pili iko katika hali gani sasa. Lilikuwa swali la kijinga, lakini alilijibu. Alisema bunduki ziko ng'ambo zote mbili, asubuhi na mchana. Nchi iko, mvua inanyesha. Hana tena mtu ndani yake wa kusimulia habari zake.

Nilimwamini juu ya Weldon. Sikuwa na sababu ya kutomwamini. Mwishoni mwa miaka ile ya tisini kazi ilinipeleka Bomet, kwenye mikutano ya vyama vya wafugaji wa maziwa, na mmoja wa wenyeji wangu alikuwa mama aliyeitwa Chepngeno, aliyeolewa huko. Tulipozungumza nikagundua kwamba Weldon Kipchirchir wa boila ni kaka yake. Alisema yuko, analima, hasemi sana. Nikamtajia mchezo. Akaujua mara moja.

Kwao Kedowa, alisema, tangu mwaka uliotangulia vita vijana walikuwa wakizunguka boma kwa boma wakitaka kila mzee atoe ng'ombe mmoja zinunuliwe bunduki, kwa kuwa walisikia majirani wa ng'ambo ya bonde wameshanunua. Na majirani hao, ilijulikana baadaye, walikuwa wamesikia hivyohivyo juu yao. Baba yao peke yake ndiye aliyekataa. Kila Weldon alipokuja nyumbani mwisho wa mwezi, mzee alimketisha akamwuliza fundi amefikia wapi na ile nchi yake, watu wa huko wanaishije na hicho kitu, wa mvua wamepona, waimbaji je. Mwishowe, vijana walipomwekea siku ya mwisho, alimtuma: nenda ukamwulize yule Mjaluo, ana akili na hajui kudanganya, kama kuna njia yoyote nitawaambia hawa. Weldon akarudi Jumapili ileile jioni, amelowa, akasema fundi amefikiri vizuri na hakuna. Mzee hakumwuliza mara ya pili. Alienda mwenyewe kufungua boma, akamtoa ng'ombe.